Maji ya Pipa la Nyuma

Jumanne, 12 Agosti

Mfereji umekauka tena. Siku ya tano leo. Hapa mtaani Dallas, Embu, maji huja yakipenda, na mwezi wa nane hayapendi kabisa. Nimebaki na pipa la nyuma, nusu.

Gunia la muguka, ile miraa ya majani, kutoka Kiritiri limefika saa tano. Majani yalikuwa yameanza kulegea kwa jua. Katika biashara hii kazi yangu ni moja tu, kunyunyizia. Mke wangu Wawira anachambua, anafunga vifuko, anauza kibandani. Mimi, mwalimu mstaafu, miaka thelathini na nne darasani, nanyunyizia maji majani yale yale niliyokuwa nikiwachapa wavulana kwa kuyatafuna. Ndiyo maisha.

Nimefunua pipa. Panya ndani. Mkubwa, amevimba, tumbo juu. Nimemtoa kwa sepetu na kumtupa nyuma ya ukuta wa kinu cha jirani cha kusaga unga, huko kwao wanakotoka panya. Nimeyaangalia maji. Kwa macho yalikuwa safi. Nimechota ndoo, nimenyunyizia gunia zima.

Sikumwambia Wawira. Angeyamwaga yote, na kesho tungenyunyizia nini, mate?

Alhamisi, 14 Agosti

Bado hakuna maji. Nimetumia ya pipa, jana na leo.

Panya wamezidi tangu jirani aweke kinu. Wanakula unga kwake, wanakuja kulala kwetu kwenye stoo. Hawaogopi mtu. Jana mmoja alinitazama kama mwanafunzi mtoro, kisha akaenda zake polepole. Nimeweka mtego. Amekula chambo, mtego haukufyatuka.

Wawira huonja kila gunia kabla ya kuuza. Majani machache tu, ayatafune, ateme. Mteja akiuliza kama ni tamu, yeye hajibu kwa kubahatisha. Na muguka hauoshwi. Ukiuosha utamu unaenda na maji, na wateja wanajua mara moja. Unanyunyizia tu usinyauke, unafunga.

Wa kwanza kibandani kila siku ni Kirimi, kijana wa pikipiki, Mmeru wa Kiirua. Wenzake wanamcheka kwa kuacha miraa ya kwao na kuja kutafuna majani ya Wambeere. Anawaambia miraa hutafunwa polepole, ni ya wazee wenye saa nyingi. Leo amemwambia Wawira, ambaye vijana wote humwita mathe, yaani mama, "Mathe, nipee ile ya juu kabisa, ile umetoa sasa hivi." Kampa. Ilikuwa bado inachuruzika maji.

Jumatatu, 18 Agosti

Maji yamekuja saa kumi na moja alfajiri. Nimejaza pipa. Sikumwaga yale ya chini kwanza. Uvivu. Naandika hapa kwa kuwa hakuna anayesoma.

Vidole vya Wawira vimepasuka tena kwa kuchambua majani. Ananung'unika chumvi ya njugu tunazouza pamoja na muguka ikimgusa. Nimemwambia apake mafuta. Amesema mafuta yatanuka kwenye muguka.

Ijumaa, 22 Agosti

Wawira ameamka na homa. Kichwa, mgongo, baridi ya kutetemesha. Ameenda kibandani hivyo hivyo. Saa nane amerudi akiwa ameshikilia ukuta. Sijawahi kumwona akiacha muguka haujauzwa.

Jumapili, 24 Agosti

Hakuenda kanisani. Jana nilimpeleka duka la dawa karibu na stendi. Walimtoa damu kidoleni. Malaria hakuna. Taifodi ipo, na brusela ipo. Hapa Embu kila mtu ana taifodi na brusela, hata ukienda umeumwa na mbwa. Wamemdunga sindano, zimebaki nne.

Nimemsomea Zaburi. Amelala katikati.

Jumatano, 27 Agosti

Sindano ya mwisho leo. Homa ilishuka jana, nikafurahi kama mjinga. Imerudi.

Analia miguu. Si magoti, ni nyama za nyuma ya miguu. Nikimgusa hapo anapiga kelele. Choo anaenda akinishika shingo. Macho ni mekundu sana. Nilijiambia ni muguka, watu wote wa muguka wana macho mekundu, hawali, hawalali. Lakini Wawira hajaonja tangu Ijumaa. Nimeliwaza hilo saa nzima kisha nikalisukuma.

Kibanda nafungua mimi. Nikikifunga siku tatu wateja watahamia ng'ambo ya barabara na hawatarudi. Nachambua vibaya, wananiambia. Kirimi ameninunulia chai. Aliuliza mathe ako wapi, nikamwambia taifodi. Akasema hata yeye mwaka jana ilimtandika wiki mbili.

Alhamisi, 28 Agosti

Asubuhi nimefungua pazia na nikaona macho ya Wawira ni ya manjano. Manjano kabisa, na wekundu juu yake. Nimeogopa. Sijaogopa hivi tangu alipojifungua mtoto wetu wa kwanza.

Nilimpigia Kirimi. Alifika kabla sijavaa viatu. Wawira hawezi kujishika, basi tumemweka katikati, Kirimi mbele, mimi nyuma nikimbana kwa magoti. Mkono mmoja wa Kirimi uliendesha, mwingine ulishika mikono ya Wawira iliyomzunguka kiunoni. Aliendesha polepole, akikwepa kila shimo. Hospitalini alimbeba mgongoni mpaka kwenye benchi. Nilipotaka kumlipa alikasirika.

Wamemlaza.

Ijumaa, 29 Agosti

Daktari ni msichana mdogo, umri wa mwanangu wa mwisho. Anauliza maswali polepole kama anayejua anachotafuta. Mnafuga ng'ombe? Hapana. Amesafiri? Hapana. Maji mnatumia ya wapi? Ya mfereji. Kuna panya nyumbani, au mahali anapofanyia kazi?

Kina mama wawili wa kanisa walikuwa wamesimama upande wa pili wa kitanda na thamosi ya uji. Wote wawili walinigeukia. Nilisema, panya? Kwetu? Hapana.

Nimesema hivyo. Mimi, niliyefundisha sayansi darasa la sita, maji safi na salama, ubaoni, kwa chaki ya rangi. Naona haya hata kushika kalamu.

Jumamosi, 30 Agosti

Tangu jana hajapata haja ndogo. Uso umevimba. Ameniuliza kama gunia la leo limechambuliwa.

Jumapili, 31 Agosti

Figo. Daktari amesema figo zimesimama na wanataka kumwosha damu kwa mashine. Nimetia sahihi. Nilikosea jina langu mara mbili hadi nesi akaniuliza kama najua kuandika.

Daktari alichukua fomu. Akasema, "Mzee, kama kuna kitu umesahau kuniambia, nipigie. Saa yoyote." Hakusema ninaficha. Alisema nimesahau. Nilienda nikakaa nje kwenye nyasi, juani, na bado nikanyamaza. Niliogopa nini? Kina mama wa kanisa? Wawira ajue? Yote mawili. Nilikuwa tayari mke wangu afe kuliko anidharau. Sasa nimeliandika na ni kweli.

Jumatatu, 1 Septemba

Nimemwambia daktari.

Saa mbili asubuhi, koridoni, nimesimama. Panya ndani ya pipa. Maji nikayatumia. Siku tano au sita, kisha nikajazia mapya juu yake. Majani anayatafuna, vidole vimepasuka. Hakunigombeza. Alisema tu, homa ya panya, na akaniambia mambo mawili.

La kwanza: ugonjwa uko kwenye mkojo wa panya. Unaingia majini, na kutoka majini unaingia kwa mtu, mdomoni, machoni, kwenye ngozi iliyopasuka. Maji yakionekana safi si kitu. Dawa ipo, na ukiwahi ni rahisi. Alikuwa ameanza kumpa moja jana kwa kubahatisha, sasa ataendelea nayo bila shaka.

La pili: wote waliotafuna majani yale. Akataka niwaambie leo, kila mmoja. Mwenye homa aje mara moja na aseme neno panya mlangoni. Asiende kudungwa sindano za taifodi. Nilimwahidi. Alinirudisha akanifanya nirudie, kama mimi nilivyokuwa nikiwafanya watoto darasani.

Nimeenda nyumbani, nimelimwaga pipa, nimelisugua kwa dawa ya kuulia viini mpaka mikono ikawaka. Nimemwaga gunia lote la leo. Kibanda sikufungua.

Jumanne, 2 Septemba

Gunia jipya, maji mapya. Nimefungua saa tano na nusu. Nilikuwa nimeyapanga maneno njiani. Ndugu zangu, sikilizeni.

Wateja walikuwa saba. Wakinitania, mwalimu uso umekunjana, mwalimu hajanywa chai. Nilianza kufungua mdomo na mmoja akauliza, "Hii yako ya leo ni safi lakini? Ng'ambo huko wanasema mathe ni mgonjwa sababu ya muguka." Wote wakacheka. Nikasema ya leo ni safi. Na ilikuwa safi. Nilijiambia hivyo, ya leo ni safi, pipa limesuguliwa, aliyekuwa wa kuugua ameshaugua. Nitawaambia Wawira akitoka. Kibanda ni chake, si changu kukivunja.

Kirimi alikuja mwisho. Alikuwa amevaa jaketi mbili na jua linawaka. Macho mekundu. Alisema mgongo unamuuma tangu Jumapili, amedungwa sindano ya taifodi, kesho anamalizia. Nilimtazama macho. Nikasema moyoni, ni muguka.

Nilimuuzia kifuko kimoja. Akaniambia nimsalimie mathe.

Ijumaa, 5 Septemba

Wawira amepata haja ndogo. Kikombe kimoja! Nesi amekiinua kama kombe la mpira na wodi nzima ikapiga makofi. Nimelia mbele ya watu na sikujali.

Anaongea. Daktari amemweleza kuhusu homa ya panya, ila si kuhusu pipa. Hilo amesema niliseme mimi. Wawira anaamini ni stoo, kwamba aliacha magunia wazi na panya wakapita juu. Anajilaumu. Nilimwacha ajilaumu.

Aliuliza, "Umeambia wateja?"

Nikasema ndiyo.

Akafumba macho, akasema asante Mungu.

Jumatatu, 8 Septemba

Kirimi hajaonekana tangu Alhamisi. Wenzake wanasema yuko kwake, anatapika, taifodi imemkamata vibaya. Nimeuliza anaishi wapi. Wamenielekeza. Nilifunga kibanda saa tisa nikaenda. Mlango una kufuli. Jirani akasema wamempeleka hospitali asubuhi, anatapika damu.

Nilipiga simu kwa daktari kutoka pale pale mlangoni. Nikamwambia jina. Nikamwambia panya. Akauliza ilikuwa siku gani nilipowaambia wateja. Nikaanza kumweleza habari ya kibanda. Alikata simu.

Jumatano, 10 Septemba

Kirimi amefariki jana jioni. Mapafu na figo. Miaka ishirini na sita.

Alhamisi, 11 Septemba

Nilitaka nimwambie Wawira mwenyewe. Vijana wa pikipiki walitangulia. Walikuja kumwona wakamwambia, wakidhani ameshajua.

Nilipoingia alikuwa ameketi. Akaniuliza, "Si ulisema uliwaambia?"

Nikasema sikuwaambia.

Hakulia. Aligeukia ukutani. Nimekaa pale mpaka saa ya wageni ikaisha, nikitazama mgongo wake.

Jumamosi, 13 Septemba

Ameruhusiwa kutoka. Dawa, maji mengi, chumvi asiguse, kliniki kila Jumatatu. Amepita kwenye stoo kwanza. Amesimama mlangoni akitazama mahali magunia hukaa. Nikasema moyoni, sasa. Mwambie sasa. Nikaenda kumtafutia kiti.

Kibanda amesema kisifunguliwe. Vijana nimewaambia hatimaye, stendi, kwa sauti, asubuhi ya leo. Niliwaambia panya, magunia, homa. Wawili wameenda kupimwa. Pipa sikulitaja. Hawakunitukana. Ingekuwa afadhali wangenitukana.

Jumatano, 17 Septemba

Mazishi, Kiirua. Daktari alimkataza Wawira kusafiri mbali. Alivaa tangu saa kumi na moja alfajiri na akakaa mlangoni na mkoba magotini. Basi nikaita gari.

Baridi. Ukungu haukuondoka mpaka saa sita. Mashamba ya viazi pande zote, na watu wengi, pikipiki kumi na nane kutoka Embu zimefungwa vitambaa vyeupe. Mchungaji alisema ugonjwa wa ghafla. Waliniita niseme neno kwa niaba ya watu wa Embu, kwa kuwa mwalimu hawezi kukosa neno. Nilisema alikuwa kijana mwenye heshima. Nikaketi.

Baada ya kufukia, mama yake alituita jikoni kwake. Mwanamke mfupi, mikono mikubwa ya shamba, koti la mwanamume. Alimshika Wawira mkono akasema, "Ni wewe ule mama alibeba na pikipiki? Aliniambia kwa simu. Aliniambia, mami, leo nimebeba mtu kama mayai."

Wawira alipiga magoti. Kwa miguu ile. Akasema, "Mama Kirimi, hiyo muguka ilikuwa yangu. Panya walikuwa kwa stoo yangu na mimi sikufunika magunia. Mtoto wako alikufa na kitu ya kwangu. Nimekuja uniambie chenye utaniambia."

Moto ulikuwa unafuka, moshi machoni mwa wote.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda na kikombe mkononi. Mke wangu yuko magotini akichukua kilicho changu. Nilimwona mgongo, ule ule wa hospitalini. Nikasema hapana. Sauti ilitoka ndogo. Nikasimama nikasema tena. Nikasema si stoo. Kulikuwa na panya ndani ya pipa, amekufa. Nilimtoa na nikayatumia maji kwa kuwa hakukuwa na mengine. Wawira hakujua. Daktari aliniambia niwaonye, siku ile ile, na Kirimi alikuja kwangu mgonjwa, nikaona, nikamuuzia.

Wawira aliinuka kwa kushika meza. Hakunitazama. Mama Kirimi alinitazama. Nilingoja anitupie chochote, kuni, maji ya moto. Alichukua kikombe changu mkononi mwangu, akakimwaga nje mlangoni, akakisuuza, akakiweka kwenye rafu pamoja na vingine. Kisha akamwambia Wawira, "Keti mama, wewe ni mgonjwa."

Njiani kurudi Wawira alikaa mbele na dereva.

Jumapili, 21 Septemba

Wawira ameenda kanisani na jirani. Tangu Jumatano analala chumba cha watoto. Leo kabla ya kutoka ameniuliza kama dawa zake za mchana ziko juu ya friji. Nimesema ziko. Ni hayo tu.

Kina mama wa kanisa wanajua sasa. Daktari anajua, stendi wanajua, kuhusu pipa pia. Nilienda Ijumaa nikawaambia lililobaki. Nilidhani nikishalisema lote nitapumua. Sipumui vizuri.

Saa tano simu imelia. Mama Kirimi. Nilisimama nikaipokea nimesimama.

Alisema, "Mwalimu, niambie tena. Hiyo siku sikusikia vizuri, kulikuwa na watu."

Nilimwambia tena. Kuanzia pipa, moja baada ya nyingine, na tarehe zake, sikuruka. Ilichukua muda. Hakunikatiza. Kwake nilisikia kuku, na mtu akipasua kuni mbali.

Nilipomaliza aliuliza ni siku gani ya mwisho ambayo mtu angemwambia, aende, apone.

Nikasema daktari ndiye angejua. Akasema, "Nimekuuliza wewe."

Nikafungua daftari hili, nikageuza nyuma hadi siku aliyokuja na jaketi mbili. Nikamwambia Jumanne, tarehe mbili.

Akairudia taratibu, kama anayeandika. Jumanne, tarehe mbili. Akasema asante, akakata simu.